Nyota nne kwa makarani, moja kwa garantii: tathmini ya huduma ya kupiga kura Marekani

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi popote, wala haina mshindani ambaye mteja akiudhika anaweza kumhamia. Ni huduma ya kupiga kura nchini Marekani, ambayo nimeitumia tangu nilipokula kiapo cha uraia, katika chaguzi za rais na katika zile ndogo za bodi ya shule ambazo humkuta karani akipiga miayo. Mara nyingine nimekwenda peke yangu, na mara nyingine nimemsindikiza shangazi yangu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na bei za vitu. Ninawaandikia wasemaji wenzangu wa Kiswahili walioko huku, hasa wale ambao cheti chao cha uraia bado hakijakunjika pembe, na ninasema mapema kwamba lalamiko langu kubwa haliwahusu watu wanaokaa nyuma ya meza. Linahusu kile ambacho fundi yeyote wa redio angekiita garantii, yaani ahadi ya maandishi kwamba huduma uliyoipata mwaka huu utaipata na mwaka ujao, na kwamba ikitaka kuharibiwa kuna mtu wa kuizuia kabla wewe hujapata hasara.

Nianze na mlango wa kuingilia. Kujiandikisha, kwa anayejua aende wapi, si kazi kubwa. Sheria ya taifa ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni za udereva zimpe mwombaji nafasi ya kujiandikisha papo hapo, na mimi nilifanya hivyo kwa dakika chache huku nikisubiri kupigwa picha. Sheria hiyohiyo hairuhusu jimbo kufunga usajili zaidi ya siku 30 kabla ya uchaguzi wa kitaifa, lakini ndani ya mpaka huo kila jimbo hufanya lipendavyo. Yapo yanayomwandikisha mtu siku ileile ya kura, yapo yanayofunga daftari mwezi mzima kabla, na North Dakota haina usajili kabisa. Hapo ndipo mteja mgeni anapoanza kuelewa kwamba mbele yake hakuna huduma moja, bali huduma hamsini zilizopakwa rangi moja.

Sisi tuliofanya mtihani wa uraia tulikariri jibu ambalo lilinipa matumaini makubwa kuliko yalivyostahili. Swali lilimtaka mwombaji aeleze mojawapo ya marekebisho manne ya Katiba yanayohusu nani anaweza kupiga kura. Niliyajua yote manne kwa mpangilio: la 15, la mwaka 1870, linalokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, la 19, la 1920, kwa wanawake, la 24, la 1964, linalokataza kodi ya kupigia kura katika chaguzi za kitaifa, na la 26, la 1971, lililoshusha umri hadi miaka 18. Ilinichukua muda kutambua kwamba yote manne yanataja sababu ambazo haziruhusiwi kutumika kumnyima mtu kura, na hakuna hata moja linalosema kituo kiwe umbali gani, foleni iwe ndefu kiasi gani, au kitambulisho gani kikubaliwe. Mwenye nia ya kukuzuia hahitaji kutaja rangi yako. Atahamisha kituo.

Siku yenyewe ni Jumanne, na imekuwa Jumanne tangu sheria ya 1845, iliyomfikiria mkulima wa wakati ule aliyehitaji siku nzima ya kusafiri na gari la farasi bila kuivunja Jumapili. Mkulima huyo amekwisha kufa na farasi wake, lakini Jumanne imebaki, na kwa sheria ya taifa si siku ya mapumziko. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, kila saa ya foleni ni hela inayotoka mfukoni, ingawa kodi ya kupigia kura ilipigwa marufuku zamani.

Ndani ya kituo, hata hivyo, sina budi kusifu. Meza zimegawanywa kwa herufi, makarani wengi ni wastaafu wenye subira ya walimu wa darasa la kwanza, na karatasi ya kura ni ndefu, yenye maandishi pande zote mbili, ambayo mpiga kura hujaza viduara kwa kalamu nyeusi. Anaanza na rais, anashuka kwa seneta, sherifu, majaji na wajumbe wa bodi ya kuhifadhi udongo na maji, kisha anakutana na swali la kodi lililoandikwa kwa sentensi moja isiyo na pumzi. Ukimaliza, mashine huinyonya karatasi na namba iliyo juu yake huongezeka kwa moja. Nimewahi kusimama pale nikaitazama ile namba ikibadilika, na sitajifanya kwamba haikunigusa.

Mara ya kwanza nilipomleta shangazi, tulipata mtihani mdogo. Kuna watakaouliza imekuwaje raia asiyesoma Kiingereza apewe uraia, na jibu ni kwamba sheria inamruhusu mtu aliyefikisha miaka 55, na aliyeishi hapa miaka 15 kama mkazi wa kudumu, kufanya mtihani wa historia na serikali kwa lugha yake. Shangazi aliufanya kwa Kiswahili na akafaulu, tena akamrekebisha mkalimani mahali pamoja. Pale kituoni karani alituambia, kwa upole, kwamba mwenye kumsaidia mpiga kura ni lazima awe mfanyakazi wa kituo. Nilimwomba amwite msimamizi. Msimamizi alifungua jalada lenye kurasa zilizowekewa alama za rangi, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, akanyamaza, kisha akatuletea fomu ya msaidizi niitie saini. Robo saa baadaye shangazi na mimi tulikuwa tumeinamia karatasi ileile, mimi nikisoma kwa sauti ya chini, yeye akijaza viduara kwa mkono wake, na kila tulipofika kwa jaji asiyemjua aliniuliza, "Huyu naye ni mtoto wa nani?"

Kilichotuokoa ni Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, kifungu kilichoongezwa mwaka 1982. Kinasema kwamba mpiga kura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu au kutoweza kusoma au kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri huyo, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Texas iliwahi kuweka sharti kwamba mkalimani wa mpiga kura awe naye ameandikishwa katika kaunti ileile, na mama mmoja aliyefika na mwanawe mwaka 2014 akakataliwa msaada wa mwanawe kwa sababu hiyo. Mahakama ya rufani ilisema mwaka 2017 kwamba sharti la jimbo haliwezi kukipunguza kifungu cha sheria ya taifa. Kwa hiyo nakili namba hiyo, 208, iweke kwenye simu yako, na ukienda na mzee wako usibishane kwa sauti. Omba msimamizi afungue jalada.

Hapohapo kuna pengo ambalo Waswahili wengi hawalijui. Kifungu kingine cha sheria hiyo, cha 203, kilichoingizwa mwaka 1975, kinazilazimisha kaunti fulani kutoa karatasi za kura na maelezo kwa lugha nyingine, pale ambapo raia wa umri wa kupiga kura wasiojua Kiingereza vizuri wanazidi 10,000 au asilimia 5, pamoja na sharti jingine la kiwango cha elimu. Lakini kifungu hicho kimetaja makundi yanayohesabiwa: Wahindi Wekundu, wenyeji wa Alaska, watu wenye asili ya Asia na wale wa urithi wa Kihispania. Kiswahili hakimo, wala Kisomali, wala Kiamhari. Hata tungejaa kaunti nzima, hesabu yetu haianzi. Ofisi ikituwekea tangazo kwa Kiswahili inafanya hivyo kwa hisani, na hisani ya ofisi hubadilika bosi akibadilika.

Sasa nieleze upande wa pili wa uzoefu wangu, ambao haukuisha kwa robo saa. Jina langu la ukoo lina ng' katikati, na kila aliyewahi kujaza fomu za nchi hii akiwa na alama hiyo ndogo kwenye jina anajua ninakoelekea. Cheti changu cha uraia kimeihifadhi alama. Leseni yangu ya udereva imeifuta. Daftari la wapiga kura, kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kunieleza, liliigeuza kuwa nafasi tupu, hivyo jina moja likawa mawili, na nusu yake ya pili ikahamia kwenye safu ya jina la katikati. Karani alitafuta kwenye orodha, akatafuta kwenye mashine, akaniomba nitaje herufi moja moja, kisha akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba anaweza kunipa kura ya muda tu, yaani ile inayowekwa kando hadi haki ya mpiga kura ithibitishwe. Niliijaza, ikatiwa kwenye bahasha badala ya mashine, nami nikapewa kikaratasi chenye namba ya simu na maelezo kwamba nina siku tatu za kufika ofisi ya uchaguzi ya kaunti na vielelezo. Namba ya juu ya mashine haikuongezeka.

Nilikwenda siku ya pili, nikaomba ruhusa kazini bila malipo, nikasubiri kwenye benchi chini ya taa inayopepesa, nikaonyesha cheti. Kura ilihesabiwa, nilipiga simu nikathibitisha. Hata kile kikaratasi ni zao la sheria ya taifa, ile ya 2002 iliyopitishwa baada ya fujo za Florida za mwaka 2000, ambako urais uliamuliwa kwa kura 537. Lakini muda wa kurekebisha, vielelezo vinavyokubaliwa na namna jina linavyolinganishwa ni mambo ya jimbo. Wala sikuwa peke yangu duniani: huko Georgia, kabla ya uchaguzi wa 2018, maombi ya usajili yapatayo 53,000 yalikuwa yamesimamishwa, mengi yao kwa sababu herufi hazikulingana sawasawa na kumbukumbu nyingine za serikali, na karibu asilimia 70 yalikuwa ya watu weusi. Kistari, nafasi, alama ya ng': vitu ambavyo mwandishi wa kawaida wa gazeti hukosea kila siku bila mtu kupoteza kitu.

Pale nilipolindwa na sheria ya taifa, tatizo lilichukua robo saa na msimamizi mmoja mwenye jalada. Pale nilipoachiwa kanuni za mahali, lilichukua siku mbili, mshahara wa siku, na uvumilivu ambao mama mwenye watoto watatu na zamu mbili za kazi hana. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niisome historia ya garantii iliyokuwapo, ikaondolewa.

Ilitoka Selma, Alabama. Tarehe 7 Machi 1965, watu wapatao 600 walivuka daraja la Edmund Pettus wakidai haki ya kujiandikisha, wakapigwa na polisi wa jimbo. John Lewis, kijana wa miaka 25 wakati huo, alivunjwa fuvu. Tarehe 6 Agosti mwaka uleule Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Kabla yake, huko Mississippi, asilimia 6.7 tu ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa wameandikishwa. Kufikia 1967 walikuwa asilimia 59.8. Yaliyowekwa kuwazuia hayakutaja rangi, maana Katiba ilikwisha kukataza jambo hilo tangu 1870. Mtu aliambiwa afafanue kifungu cha katiba ya jimbo hadi mwandikishaji aridhike, na mwandikishaji akawa haridhiki.

Ufundi wa sheria ile ulikuwa katika Kifungu cha 5. Majimbo na kaunti zenye historia mbaya zilitakiwa kuomba kibali cha awali kutoka Wizara ya Sheria au mahakama ya Washington kabla ya kubadilisha chochote kuhusu uchaguzi, kuanzia mipaka ya majimbo ya uchaguzi hadi kuhamisha kituo kutoka shule hii hadi ile. Mwenye kutaka mabadiliko ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hayatawadhuru wapiga kura. Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, kwa kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukiuziwa redio mbovu, unairudisha na kupewa nyingine au fedha zako. Kura haina marejesho. Uchaguzi ukipita ukiwa nje ya foleni, hakuna hakimu anayeweza kukurudishia Jumanne ile, na aliyechaguliwa anaapishwa, anatunga sheria, anateua majaji, na pengine anachora upya mipaka itakayomchagua tena. Huduma ya namna hiyo inahitaji ukaguzi kabla haijatolewa.

Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby ya Alabama, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kanuni ya kuamua ni maeneo gani yanapaswa kuomba kibali ilikuwa imepitwa na wakati. Kifungu cha 5 kilibaki kwenye vitabu bila mtu wa kukitii. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba nchi imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyepinga, alifananisha uamuzi huo na kutupa mwavuli wakati wa mvua kwa sababu hulowi. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria ya vitambulisho iliyokuwa imezuiwa, ambayo ilikubali kibali cha kubeba bastola na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu. Wiki chache baadaye North Carolina ilipunguza siku za kura ya mapema kutoka 17 hadi 10 na kufuta utaratibu wa kujiandikisha na kupiga kura siku ileile katika kipindi hicho cha kura ya mapema. Mahakama ya rufani iliibatilisha sheria hiyo Julai 2016, ikisema kwamba iliwalenga watu weusi kwa usahihi unaokaribia ule wa daktari wa upasuaji. Ushindi mkubwa, ila tayari uchaguzi wa 2014 ulikuwa umefanyika chini ya sheria hiyo, na waliokwama hawakuitwa tena.

Mengine ni ya taratibu zaidi, na kwa hiyo hayapati vichwa vya habari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 na muungano wa mashirika ya haki za kiraia ulihesabu vituo 1,688 vilivyofungwa kati ya 2012 na 2018 katika maeneo yaliyokuwa yakidaiwa kibali cha awali. Vingine huenda vilifungwa kwa sababu nzuri, maana kaunti hubana matumizi na watu hupiga kura kwa posta. Kabla ya 2013 kaunti ingepaswa kuieleza sababu hiyo nzuri kwa mtu. Georgia nayo, kwa sheria ya Machi 2021, ilifanya kuwa kosa kuwagawia chakula au maji wapiga kura walio kwenye foleni, ndani ya futi 150 za jengo la kituo au futi 25 za mtu aliye kwenye foleni popote ilipofika. Jaji alizuia sehemu ya katazo hilo mwaka 2023.

Wapo wanaoiona huduma hii kwa jicho tofauti, na si haki kuwapuuza. Wanasema kitambulisho hudaiwa hata benki, kwamba masharti hujenga imani, na kwamba watu wanajitokeza kwa wingi licha ya yote. Ni kweli kwamba mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 150 walipiga kura. Kuhusu kitambulisho, mimi sina ugomvi nacho. Tuliotoka Tanzania tumezoea kubeba kadi ya mpiga kura, ile ambayo mitaani huitwa kichinjio, na hakuna aliyekufa kwa kuibeba, lakini kadi ile ilitolewa na mamlaka yenyewe, bure, kwa kila aliyeandikishwa. Kuhusu wingi, namba ya waliofika haituelezi waliofika walilipa nini. Mimi nilihesabiwa miongoni mwa waliofaulu, bahasha yangu na mshahara wangu wa siku ukiwa ndani ya takwimu hiyo nzuri. Wengine husema uchaguzi ni wa majimbo na Washington isiingilie. Katiba, Ibara ya 1, sehemu ya 4, inayapa majimbo kazi ya kupanga muda, mahali na namna ya kuchagua wabunge wa taifa, na katika sentensi hiyohiyo inaliruhusu Bunge la taifa kubadilisha kanuni hizo wakati wowote.

Dirisha la malalamiko, basi, ni Bunge, na mahakama yenyewe imetuelekeza huko. Mwaka 2013 ilisema Bunge linaweza kutunga kanuni mpya. Mwaka 2019, iliposema mahakama za taifa haziwezi kuamua kesi za mipaka iliyochorwa kwa faida ya chama, ilitaja tena uwezo wa Bunge. Miswada imekwisha kuandikwa. Ule wenye jina la John Lewis, aliyefariki Julai 2020 akiwa mbunge, ungerudisha kibali cha awali kwa kanuni inayotazama ukiukaji wa miaka 25 iliyopita: jimbo lenye makosa 15, au 10 ikiwa angalau moja ni la jimbo lenyewe. Mwingine, wa Uhuru wa Kupiga Kura, ungeweka viwango vya chini nchi nzima: usajili wa siku ya kura, siku za kutosha za kura ya mapema, siku ya uchaguzi kuwa ya mapumziko, na ruhusa ya kumpa maji mtu aliye kwenye foleni. Wa kwanza ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 24 Agosti 2021 kwa kura 219 dhidi ya 212. Miswada yote miwili, ilipounganishwa kuwa mmoja, ilikwama kwenye Seneti Januari 2022, kwa sababu kufunga mjadala kunahitaji kura 60, na jaribio la kubadilisha utaratibu huo lilishindwa kwa kura 48 dhidi ya 52. Linaloniuma ni kwamba mwaka 2006 sheria hiyo ya 1965 iliongezewa miaka 25 kwa kura 98 kwa sifuri katika Seneti hiyohiyo, na Rais George W. Bush akaitia saini. Hakuna mteja wa upande wowote aliyeona wakati ule kwamba garantii ni jambo la chama.

Haraka yangu inatokana na mwelekeo wa mambo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilifanya iwe vigumu zaidi kushinda kesi chini ya Kifungu cha 2 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kinachokataza ubaguzi wa rangi katika kura nchi nzima, ambacho ndicho kilichokuwa kimebaki kuwa kinga kuu. Mwaka 2023 mahakama moja ya rufani, inayosimamia majimbo saba ya kati, ilisema raia na mashirika hawawezi kufungua kesi za kifungu hicho, isipokuwa Mwanasheria Mkuu wa taifa. Mwaka 2025 Texas ilichora upya mipaka yake ya uchaguzi katikati ya muongo, bila kusubiri sensa, na California ikajibu kwa kuchora ya kwake. Majimbo kadhaa, yakiwemo New York mwaka 2022 na Minnesota mwaka 2024, yametunga sheria zao za kulinda kura, jambo jema kwa anayeishi huko, ila linazidisha ile tabia ya huduma hamsini.

Kwa sisi raia wa kuandikishwa kuna jambo la karibu zaidi. Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 220 dhidi ya 208, mswada wa kumtaka kila anayejiandikisha aonyeshe hati ya kuthibitisha uraia. Kansas ilijaribu sharti kama hilo, na likawazuia watu zaidi ya 31,000 kabla mahakama haijalibatilisha mwaka 2018. Mswada huo ukiwa sheria, mzaliwa wa hapa asiye na pasipoti ataonyesha cheti cha kuzaliwa, akikipata, na mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa atalazimika kueleza zaidi. Sisi tusio na pasipoti tutaonyesha karatasi moja ambayo kuipata upya ikipotea kunagharimu zaidi ya dola 500.

Nyota nne kwa makarani, basi, na ya tano nimeizuilia lile jalada ambalo lingepaswa kuwa mezani badala ya kabatini. Kwa daftari ninatoa mbili, kwa sababu ya ng'. Kwa garantii ninatoa moja, ambayo ni ya Kifungu cha 208, na ninaishikilia kwa mikono miwili. Mwenye kutaka kulalamika apige simu kwa ofisi za maseneta wake wawili na mbunge wake, ataje miswada kwa majina, aache na anwani yake ya posta, kwa kuwa wanahesabu simu za wakazi wa jimbo lao kwanza. Mimi nimepiga. Shangazi ameniomba nimwandikie maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa ili apige mwenyewe, na cheti chake amekitia kwenye mfuko wa plastiki, chini ya godoro, pamoja na stakabadhi ya mashine yake ya kushonea.